Jina Juu ya Saksafoni ya Obedi

Obedi Ndahani aliisikia albamu yake kwa mara ya kwanza akiwa amesimama mbele ya kibanda cha Hasani, muuza kanda wa soko la Majengo, huku mkononi ameshika kifurushi cha dagaa alichotumwa na mkewe. Hasani alipomwona tu alipaza sauti hadi wauza nyanya wakageuka.

"Mzee Obedi! Umetoka, mzee wangu! Zimeshuka jana na basi la Dar. Njoo ujione!"

Akajiona kweli. Karatasi ya kanda ilikuwa na picha yake, kofia imemkaa upande, saksafoni kifuani, na juu yake maandishi mekundu: Obedi Ndahani na Uwanda Jazz. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Tangu ujana wake alipuliza katika nyimbo ambazo watu walizioea na kuzizalia watoto, na hapakuwahi kuwa na karatasi hata moja yenye jina lake. Macho yalimlowa, akasingizia vumbi.

"Niwekee ule wa mwisho, upande wa pili," alisema. "Ule wa Miaka."

Hasani akausogeza utepe. Zikaingia ngoma za muheme, zile ngoma ndefu ambazo wanawake wa Kigogo huzibana mapajani na kuzipiga kwa viganja. Yakafuata magitaa, polepole, kisha sauti za akina mama zikipandana. Obedi alifumba macho akingoja mahali pake. Palikuwa na mahali katika wimbo ule ambapo kila mtu hunyamaza, zikabaki ngoma tu, na saksafoni huingia peke yake. Kwa ajili ya mahali hapo alikuwa amefanya albamu nzima.

Akina mama wakanyamaza. Saksafoni ikaingia. Na juu yake, kwa sauti ya kijana iliyoshiba, ikaja kelele hii:

"Castory! Castory mwenyewe! Baba wa neema, tajiri asiye na makuu! Dodoma yote inakujua, Castooory!"

"Zima," alisema Obedi.

"Mzee, bado hujafika kwenye—"

"Zima, Hasani! Nimesema zima!"

Hasani akazima. Watu waliokuwa wameanza kutikisa mabega wakatazamana. Obedi aliichukua ile kanda mashineni bila kuulizwa, akaitia mfukoni, akaondoka na dagaa zake.

Tabia ya kutaja majina ya wakubwa katikati ya nyimbo ilikuwa ugonjwa wa zamani wa bendi za dansi, na Obedi aliufahamu kuliko wengi. Alikuwa ameuvumilia karibu maisha yake yote ya kazi. Bendi yake ya kwanza na ya pekee kabla ya hii ilikuwa Karakana Jazz, mali ya shirika moja la umma lililokuwa na karakana kubwa nje kidogo ya mji. Mchana walikuwa mafundi na wachomeleaji, Jumamosi na Jumapili wanamuziki. Obedi alikuwa saksafoni ya pili. Kiongozi alipuliza tarumbeta, waimbaji walikaa mbele, na kila ilipofika zamu ya saksafoni kujieleza, mwimbaji mmoja alisogelea kipaza sauti akaanza kumtaja meneja mkuu, kisha makamu wake, kisha mke wa makamu, kisha mtu yeyote aliyekuwa ameagiza kreti ya bia kwenye meza ya mbele. Obedi alipuliza chini ya majina hayo kama mtu anayefagia uwanja huku wengine wanautupia maganda.

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini nyumbani alimwambia mkewe, Ruthu, si mara moja: "Siku nikiongoza bendi yangu, hatatajwa mtu. Akitaka kutajwa azaliwe na mama yangu."

Ikaja ile miaka ya biashara kuachiwa huria. Maduka yakajaa mitumba na redio za kila rangi, na mashirika yakaanza kuuzwa moja baada ya jingine. Karakana nayo ikauzwa. Mafundi wakapunguzwa kazini kwa tangazo lililobandikwa getini, na vyombo vya bendi vikapigwa mnada pamoja na mashine za kuchapia na mizani mibovu, kana kwamba muziki ni samani. Aliyenunua rundo lile alikuwa mfanyabiashara wa nafaka aitwaye Castory, mtu aliyekuja Dodoma si zamani, mwenye maghala karibu na stesheni ya reli.

Obedi aliifuata saksafoni hadi ghalani. Aliikuta imelazwa juu ya magunia ya mahindi, haina hata kitambaa.

Castory alikuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini, na adabu zake za mdomoni hazikuwa na kasoro. "Shikamoo, mzee wangu," alisema. "Mimi sijui kupuliza hili dude. Wewe unajua. Unda bendi, mimi nifadhili, tutoe albamu. Kiongozi uwe wewe."

"Nina sharti moja," alisema Obedi. "Jina lako lisitajwe kwenye nyimbo zangu. Wala la mtu mwingine."

Castory alicheka akampiga begani. "Nitajwe kwa lipi, mzee? Mimi muuza mahindi tu."

Hivyo ndivyo walivyoagana. Mtu mzima alitoa neno lake mbele ya mtu mzima mwenzake, na Obedi akaona inatosha.

Nyimbo nane alizitunga mwenyewe, na saba kati yake zilikuwa za dansi la kawaida. Wa nane ulikuwa Miaka. Kwa Wagogo, njaa kubwa haipiti bila kupewa jina. Hakuna ofisi inayolitoa jina hilo. Watu wenyewe hulikuta baadaye, kutokana na walichokiona, na likishakaa, watoto huhesabiwa umri kwalo na ndoa hukumbukwa kwalo. Kuna Mtunya, ambayo wazee waliisikia kwa wazee wao. Kuna mwaka wa ngozi, watu walipochemsha ngozi za kulalia. Kuna mwaka wa Yanga, wa ule unga wa njano wa msaada uliopewa jina la timu kwa sababu ya rangi yake. Loisi, dada mkubwa wa Obedi, ndiye aliyeongoza ngoma za muheme kijijini kwao, upande wa barabara ya Mtera, na yeye na wenzake walikuwa na wimbo wa kuzitaja njaa hizo kwa mpangilio, mmoja anatoa jina, wengine wanajibu.

Njaa ya mwisho ilikuwa bado changa. Ilikuwa ya mwaka juzi tu, mvua ilipokatika mahindi yakiwa magotini. Mwaka huo Loisi alimzika kitindamimba wake, Seth, aliyekuwa ameanza kuota ndevu. Jina la njaa ile lilikuwa halijakaa. Kila walipoufikia mwaka huo, akina mama walinyamaza wakapiga ngoma tupu, wakisubiri. Hapo ndipo Obedi alipoiweka saksafoni yake.

Kurekodi kulifanyika katika ukumbi wa zamani wa karakana, kwa mitambo iliyokodiwa Dar es Salaam. Mwimbaji alikuwa Brighton, kijana mwenye sauti nzuri na shati linalong'aa, aliyeletwa na Castory. Siku ya Miaka alikuja juu, kwa sababu Obedi aliwaamuru wapiga magitaa walegeze nyuzi hadi zikutane na sauti za akina mama.

"Mzee, gitaa ndilo lenye sauti sahihi," alisema Brighton. "Hawa mama ndio wapande."

"Gitaa lina vishikio vya kulegezea nyuzi," alijibu Obedi. "Dada yangu hana."

Akina mama walicheka hadi fundi mitambo akaanza upya. Walirekodi mara mbili. Loisi alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akainuka, akaomba maji. Kanda kubwa ikapelekwa Dar es Salaam kunakiliwa. Brighton akaenda nayo. "Kuweka sauti sawa tu," aliambiwa Obedi.

Sasa alijua sauti ziliwekwaje sawa. Alitoka sokoni akaenda moja kwa moja stesheni, na dagaa zake.

Castory alikuwa mezani, mbele yake chupa ya soda. "Shikamoo, mzee! Umeiona picha? Umetoka kama waziri!"

Obedi hakuitikia marahaba. "Jina lako linafanya nini kwenye wimbo wangu?"

"Ah, hilo." Castory alijinyoosha. "Mambo yamebadilika, mzee wangu. Vyama vimekuwa vingi, uchaguzi unakuja, watu wananiambia gombea, gombea. Neno moja tu, sekunde chache. Bendi gani haitaji watu?"

"Yangu. Uliniahidi hapa hapa."

"Niliahidi kama mfanyabiashara. Sasa mimi ni mtu wa watu."

"Litoe."

"Kanda ziko sokoni, mzee. Nitoe wapi? Ingia mwenyewe mle ndani ukamtoe." Akacheka, na kuli mmoja mlangoni akacheka naye kwa sababu Castory ndiye aliyekuwa akimlipa.

Obedi alikuwa mtu mrefu mwenye mikono iliyoungua kwa kuchomelea, na kwa kitambo kidogo aliona wazi jinsi chupa ile ya soda ingevunjika. Akashusha pumzi, akasema: "Wimbo ule ni wa msiba. Umekuja kupiga kelele kwenye msiba wa watu ili wakupe kura. Huna haya." Akatoka.

Jumamosi iliyofuata alipanda lori la mzigo kwenda kijijini. Kumwimbisha dada yake na kumficha kilichofanyika kungekuwa uovu wa pili. Alimkuta Loisi uani akipeta mtama na wenzake wawili watatu wa muheme. Akawaeleza yote akiwa amesimama, kisha akaiweka kanda katika redio ya jirani.

Akina mama wakajisikia wakiimba. Mtunya, wakaitikia kwa midomo. Mwaka wa ngozi. Mwaka wa Yanga. Kisha ule ukimya, saksafoni ikapanda, na Brighton akapasua: "Castory! Castory mwenyewe!"

Obedi alitazama chini. Alitarajia kilio, au matusi. Alipoinua macho aliwaona akina mama wanatazamana.

"Irudishe nyuma," alisema Loisi.

Akairudisha. Wakasikia tena. Mwaka wa ngozi. Mwaka wa Yanga. Castory.

"Basi," alisema Loisi taratibu. "Limekaa."

"Limekaa nini, dada?"

"Jina."

"Dada, huyo anasifiwa! Hukusikia baba wa neema?"

"Wewe ulikuwa mjini unapuliza, Obedi. Mimi nilikwenda kwenye ghala lake. Magunia yamefika darini, mlango umefungwa, tunaambiwa bei bado haijakomaa. Nilitoa mbuzi wawili wazima kwa debe moja la mahindi yenye fukusi. Nilipofika nalo nyumbani, Seth hamezi tena. Tumekuwa tukilitafuta jina la mwaka ule, na mwenyewe amekuja kujitaja. Unataka nimzuie?"

Mmoja wa wale akina mama akadakia: "Tena kwa sauti! Hata Mtunya haikujitangaza hivyo!" Wakacheka, kicheko kikavu, huku mmoja wao akilia.

Obedi aliketi juu ya kinu kilicholazwa. Alikuwa na hasira ya wimbo wake kuchafuliwa, na hasira hiyo ilikuwa ya haki. Lakini sasa iliingia nyingine chini yake, kubwa na nzito. Magunia ambayo aliikuta saksafoni imelazwa juu yake yalikuwa yale yale, ya mwaka ule ule. Aliyaona kwa macho yake, akazungumzia muziki.

Castory hakuzaliwa Dodoma, na hakuwahi kujishughulisha kujua lolote kuhusu watu aliowauzia chakula. Alikipenda kile kipande kuliko vyote kwa sababu ndipo jina lake liliposikika vizuri zaidi. Akafunga vipaza sauti juu ya gari lake dogo la mizigo, Brighton akikaa nyuma na mashine ya kanda, wakazunguka vijiji vya barabara ya Mtera wakiupiga wimbo huo mbele ya kila mkutano. Watu walikuja kwa wingi. Walisikiliza kwa makini mno. Hawakupiga makofi.

Katika mkutano mmoja mzee aliomba kuuliza swali. Alivua kofia na kusema kwa heshima kabisa: "Mheshimiwa, tumekusikia. Nilitaka kujua, wewe ndiye yule wa njaa?"

Castory alidhani anaulizwa kama amewahi kusaidia wenye njaa. "Ndiye mimi, mzee wangu!" alijibu kwa kipaza sauti. Mkutano ukavunjika pale pale, watu wakaondoka mmoja mmoja, bila fujo. Ndani ya gari Brighton, aliyekuwa amekwisha kuelezwa na mwanamke mmoja kisimani, alimweleza mambo yalivyo. Kufikia hapo ilikuwa kawaida, katika vilabu na minadani, kusikia mtu akisema fulani alizikwa mwaka wa Castory.

Castory alikuja nyumbani kwa Obedi, Chang'ombe, Jumapili baada ya ibada. Brighton alibaki mlangoni, hamtazami mtu. Ruthu aliwapa viti, kisha akakaa na yeye, ingawa hakuna aliyemkaribisha mazungumzoni.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Sema ulichokuja nacho."

"Nimekosea," alisema Castory. "Nakubali. Tuurekodi wimbo upya. Jina langu lisiwemo kabisa. Si ndivyo ulivyotaka? Kanda mpya, picha kubwa zaidi, na saksafoni nakuachia iwe yako, mbele ya shahidi."

Moyo wa Obedi uliruka. Hakuna haja ya kuficha hilo. Kila alichokuwa amekiomba kililetwa hadi kitini kwake: wimbo msafi, jina lake, na chombo alichokipuliza tangu hana mvi. Ruthu aliona mikono ya mumewe ikifunguka juu ya magoti.

"Ila kitu kidogo," aliendelea Castory. "Ule mwaka wa juzi uondoke. Akina mama waishie mwaka wa Yanga. Wewe upulize hapo, hata dakika tano, nani atakuzuia? Mwaka wa juzi tuuache. Unaleta maneno."

"Niutoe mwaka," alisema Obedi.

"Ni kipande kidogo tu."

"Na Seth je?"

"Seth ndiye nani?" aliuliza Castory, akageuka kumtazama Brighton, akidhani ni mmoja wa wapiga magitaa.

Ruthu alisonya. Obedi alisimama, akaingia chumbani. Alitoka na saksafoni ndani ya sanduku lake, akaliweka miguuni pa Castory.

"Chuma chako hicho."

"Mzee, usifanye utoto. Bila hili nani atakusikia?"

"Ulinivunjia neno lako nikaja kukubembeleza utoe jina, ukanicheka. Sasa jina limekuuma, unataka nikufutie na wafu. Mtoto wa dada yangu alikufa mwaka huo, na haondoki kwenye wimbo ili wewe uingie bungeni. Toka kwangu."

"Tutaona hiyo albamu yako itauzwa wapi!"

"Mume wangu amekwambia toka," alisema Ruthu. "Au mpaka nikuimbie?"

Castory aliondoka bila kulishika sanduku. Brighton ndiye aliyeinama kulibeba. Alisita kizingitini. "Mzee Obedi, mimi nilitumwa tu."

"Wote mlitumwa," alisema Obedi. "Siku moja kataa."

Castory alikuwa mwepesi kutimiza vitisho kuliko ahadi. Wiki ile ile watu wake walipita kwenye vibanda vyote vya mjini wakanunua kila kanda ya Uwanda Jazz waliyoiona, na Hasani alisimulia kwamba zilichomwa nyuma ya maghala, moshi mweusi ukanuka hadi stesheni. Kwenye maduka haikubaki hata moja. Albamu aliyoingoja Obedi tangu ujana ilikaa sokoni muda mfupi kuliko fungu la nyanya.

Vijijini hali ilikuwa nyingine. Wajumbe wa Castory walifika na huko, wakiahidi bei nzuri. Walikaribishwa vizuri, wakapewa viti na maji ya kunywa. Hakuna aliyekuwa na kanda. Hakuna aliyewahi kuiona. Walipoondoka tu, redio zilifunguliwa.

Obedi alirudi kwenye kazi yake ya ujana, kuchomelea mageti kando ya barabara ya Kizota. Hasira yake haikupoa, wala yeye hakuitaka ipoe. Alisema ni kitu pekee katika shughuli ile ambacho hakikuwa mali ya Castory. Uchaguzi ulipokaribia, msafara wa Castory ulisimama mbele ya karakana yake, na kijana mmoja, mgeni wa mji, akaruka chini kuomba geti la nyuma la gari, lililolegea, lichomelewe haraka.

Obedi alivua miwani ya kuchomelea, akalitazama gari, akasoma jina lililoandikwa mlangoni.

"La huyu silichomelei," alisema.

"Kwani mzee unamfahamu?"

"Namfahamu. Nenda naye mbele, kila kijiji wanamfahamu. Waulize yeye ni mwaka gani." Akaivaa miwani yake, akainamia kazi.